Duara la Tatu

Doa lilikuwa dogo, la kijivu, limejibanza juu ya figo ya kushoto kama punje ya kunde iliyosahauliwa kwenye ungo. Daktari Kwak Mi-ryeong alikuwa ameona madoa ya aina hiyo hata akachoka nayo, na mengi hayakuwa na neno. Hili lilimkausha mate kwa sababu pembeni mwa kioo cha kompyuta paliandikwa jina la baba yake.

Kupimwa kwa baba huyo, Mzee Pan-seok, kulikuwa zawadi. Mzazi akitimiza miaka sabini watoto humpeleka akachunguzwe mwili mzima, na wasiofanya hivyo husemwa. Tae-hun, mdogo wake Mi-ryeong, ndiye aliyemng'oa mzee kwenye shamba lake la matufaha na kumleta mjini Daegu. Njia nzima mzee alinung'unika kwamba mtu akitafutwa ugonjwa hakosi kupatikana nao. Mkewe alipatikana nao hivyo hivyo. Aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe miti ilipokuwa ikichanua, na matufaha yalipoiva hakuwepo.

Kwa kawaida picha za jamaa husomwa na daktari mwingine. Lakini Mi-ryeong alikuwa mkuu wa kitengo cha kusoma picha za ndani ya mwili, na aliposema, "Hizi nitaziangalia mwenyewe," hakuna aliyefungua kinywa.

Jicho la binadamu halitoshi kwa rangi ya kijivu. Vijivu viwili vinaweza kufanana kama pacha na kumbe ni vitu tofauti kabisa. Ndiyo maana kompyuta hukipa kila kijivu namba yake: maji ni sifuri, mafuta yako chini ya sifuri, mfupa uko juu kabisa. Daktari huchora duara ndani ya doa, na kompyuta humpa wastani wa kilichomo. Kwa doa la mahali pale, chini ya kumi maana yake limejaa mafuta, halina madhara, mwenye nalo akalale. Juu ya kumi, kazi inaanza.

Alichora duara. Thelathini na moja.

Akachora lingine, akalisogeza kidogo. Ishirini na nane.

Alinyanyuka, akanywa maji, akarudi. Duara la tatu alilichora pana kuliko yale mawili, mstari wake ukavuka ukingo wa doa na kumega mafuta yaliyolizunguka. Nane. Alijua vizuri nane ile imetoka wapi. Angemkaripia daktari yeyote aliye chini yake kwa duara kama lile. Lakini aliipokea kama mtu anavyompokea mgeni aliyemsubiri siku nyingi. Akaandika: doa la mafuta, lisilo na madhara. Kisha akapiga simu.

"Baba, huna kitu."

"Hakuna kabisa? Hata kwenye moyo?"

"Moyo wako wa kijana, Baba."

"Haya," mzee alisema taratibu. "Basi ndiyo hivyo."

Mi-ryeong alitegemea kicheko, au angalau mzaha. Aliweka simu chini, akajiambia kwamba wazee hawajui kufurahi.

Novemba ilipokaribia kwisha ukoo ulikusanyika shambani kutengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili ya kuliwa msimu wa baridi. Kabichi zilikuwa zimeshalala kwenye maji ya chumvi, sasa zimerundikwa uani zikichuruzika, na watu walichuchumaa kuzizunguka na glavu nyekundu, wakipaka pilipili jani kwa jani. Shangazi Ok-bun, dada wa mzee, hakumwacha mtu apumue.

"Wewe daktari, mbona unaipaka kwa kuiogopa? Hiyo kabichi si mgonjwa!"

"Mwache, Shangazi," alisema Tae-hun. "Huyu amezoea vitu vya kwenye picha. Vya kushika vinamshinda."

Mzee Pan-seok alipita amebeba kikapu cha figili. "Mnamcheka nani? Huyu amenisoma ndani mpaka nje. Sina kitu!" Alikuwa amewaambia majirani wote maneno hayo, na kila alipoyarudia Mi-ryeong aliinamia kabichi yake.

Kikapu kilianguka. Mi-ryeong alipoinua macho alimwona baba yake ameegemea ukuta wa ghala, uso mweupe kama figili zilizomwagika miguuni pake, jasho likimtiririka kwenye baridi ile iliyowafanya wote watoe mvuke mdomoni. Alivua glavu akamkimbilia, akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa hayahesabiki.

"Inapita," mzee alinong'ona. "Usiwashtue watu."

"Imeanza lini?"

"Inapita, nimesema."

"Baba. Lini?"

Mzee alitazama miti yake, mitupu sasa, matawi yake yamefungiwa majira ya baridi. "Tangu mama yenu atutoke. Nikiwa peke yangu kule juu mitini, moyo unapiga kama unataka kutoka, mikono inatetemeka, nashindwa hata kushuka ngazi. Ningesema nini? Nilidhani kule kwenu mtaona kitu. Uliposema hakuna, nikajua. Nimekuwa mwoga uzeeni, basi."

Mi-ryeong alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Doa lile lilikuwa kwenye tezi inayokaa juu ya figo, tezi ambayo humimina damuni kile kinachomfanya mtu ashtuke na kukimbia. Ikiota uvimbe, mwili hushtuka bila sababu, na siku moja ungemwangusha mzee kutoka kwenye ngazi asiinuke tena. Alitaka kumwepusha baba yake na woga, kumbe alikuwa amemwacha nao peke yake.

"Baba, kuna kitu. Nilikiona."

"Mashine ilikosea?"

"Mashine ilisema kweli mara mbili. Mimi ndiye niliyeiuliza mara ya tatu."

"Kwa sababu ya mama yako," mzee alisema, na hakuwa akiuliza.

"Nyie wawili!" Shangazi Ok-bun alipaza sauti kutoka uani. "Kukwepa kazi mmerithishana?"

Jumatatu Mi-ryeong alimpisha Daktari Seong Hwa-jin kwenye kiti chake. Seong alisita. "Lakini Mkuu, si umeshaisoma?"

"Nilisoma vibaya. Soma wewe, kana kwamba hujui ni baba wa nani."

Mzee alikaa kwenye kiti cha ukutani, kofia mapajani. Seong alichora duara dogo, katikati kabisa ya doa, mbali na kingo. Namba ikatokea. Aliitazama, akamtazama mkuu wake, akainamisha kichwa.

"Thelathini na moja."

"Hiyo ni nyingi?" mzee aliuliza.

Mi-ryeong alikwenda akachuchumaa mbele yake. "Ni nyingi, Baba. Utatolewa damu leo, na huenda ukapasuliwa. Mimi naogopa sana."

Mzee alikisogelea kioo, akalikodolea macho lile doa.

"Haka kadogo ndiko kanakonitetemesha?"

"Tutahakikisha kwa damu. Lakini naamini ndiko."

Mzee alishusha pumzi ndefu, na mabega aliyokuwa akiyakunja tangu sijui lini yakanyooka.

"Basi sikuwa mwoga," alisema, si kwa mtu yeyote.

Alivaa kofia yake, akafunga kifungo cha juu cha koti, akamuuliza Seong damu inatolewa chumba gani. Akatangulia mwenyewe, na binti yake akamfuata.