Mapanga ya Injini ya Nsajigwa

Mtaani Bagamoyo, pale Tukuyu, watu walimcheka Mzee Anyosisye waziwazi. Fundi mstaafu wa ndege, badala ya kuhudumia migomba kama wenzake, kajaza banda lake injini chakavu ya jeti, iliyoletwa juu ya lori la viazi! Asiyecheka alikuwa mwanawe, Nsajigwa. Miaka mitano baba na mwana waliifungua, wakaisafisha, wakaihangaikia vipuri, wakiahidiana kwamba siku moja itanguruma hadi Kawetele wasikie.

Ilibaki kazi moja tu, kurudisha mapanga hamsini na manne yanayozunguka ndani ya injini, kila moja dogo kama kidole. Nsajigwa aliyapanga mkekani, akaliandikia kila moja namba kwa wino, maana kila panga lilikuwa limelika pamoja na tundu lake na halikubali tundu jingine. Ukiyachanganya, injini hutetemeka mpaka ipasuke.

Kisha homa ya siku nne ikamchukua Nsajigwa.

Siku ya msiba mvua ya Rungwe haikuwa na adabu. Uani hapakukalika, ikabidi banda lisafishwe waombolezaji wapate pa kukaa. Winfrida, mama wa marehemu, hakutaka wageni waikute kazi ya mwanawe ina masizi. Aliyasugua mapanga yote kwa majivu na mchanga, moja moja, huku akilia, akayatia kwenye beseni.

Wiki mbili zilipita kabla Anyosisye hajapata nguvu ya kufungua banda. Mapanga yaling'aa kama vijiko vya harusi. Akageuza la kwanza, la pili, la kumi. Namba hakuna. Alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, kwa kuwa ule mwandiko ndio uliokuwa umembakia wa mtoto wake. Siku tatu alijaribu kuyarudisha kwa kubahatisha, na siku ya tatu akajua kwamba haiwezekani.

Jumamosi Winfrida aliingia na dumu la mafuta ya taa kichwani.

"Baba Nsajigwa, mafuta haya hapa. Nataka niisikie kabla hatujajengea kaburi."

Vidole vyake vilikuwa bado na michubuko ya mchanga.

"Haitawaka, Mama Nsajigwa."

"Kwa nini? Si ilibaki kidogo tu?"

Maneno yalimfika Anyosisye mdomoni. Akaviangalia tena vile vidole, akayameza.

"Nimeyachanganya mapanga. Ni mimi. Uzee huu."

Winfrida alilitua dumu kwa kishindo.

"Mtoto kahangaika miaka mitano, akakuachia kitu kimoja. Kimoja tu! Na hicho umekiharibu."

"Nimekiharibu."

"Angekuwa yeye, angeiwasha."

"Angeiwasha," Anyosisye akasema.

Winfrida akatoka bila kumtazama, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena bandani.