Pampu Iliyokataa Kuwaka

Pampu ya sola ya kisima cha Mama Kalunde, mfugaji wa huko Mutomo, ilikuwa ikitetemeka tu bila kuvuta maji, na mbuzi wake walikuwa wamekonda kwa kiu. Fahima, fundi wa sola, akaja akaisikiliza.

"Mama, hii mota haina kifaa cha kuonyesha sumaku zake zimeelekea wapi. Kontrola, hiki kisanduku kinachoiendesha, hujua hilo kwa kusoma umeme ambao mota ikizunguka huurudisha kwenye waya. Mota ikiwa imesimama, hakuna umeme unaorudi, kwa hivyo kontrola haijui iisukume upande gani, nayo inatetemeka tu."

Akaipanga upya kontrola, ivute sumaku kwanza zikae mahali panapojulikana, kisha izizungushe polepole hadi umeme uanze kurudi.

Maji yakaruka bombani. Kalunde akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Asante sana, mwanangu. Umeniokolea mbuzi."

Akamfunga jogoo miguu, akampa Fahima zawadi jogoo huyo akiwa hai, maana alijua Fahima angependa kumchinja mwenyewe Kiislamu.