Kura ya Punje za Mahindi

"Kura ya namna hii haiibiki!" alijitapa Bwana Afya wa mtaa, akikitikisa kikopo cha punje za mahindi mbele ya wajumbe thelathini kama mganga anayetikisa kibuyu. "Hakuna karatasi, hakuna kalamu, hakuna fulani kumwandikia fulani. Kila kitu mbele ya macho ya watu, mchana kweupe. Wa kuiba kura hii bado hajazaliwa."

Alikuwa keshazaliwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, amevaa shati la drafti, na kikopo alikishika yeye. Lakini tusimharakishe, maana wakati huo hata mwenyewe alikuwa hajajijua.

Kikao kilikuwa cha kupanga mpango wa afya wa mtaa. Zamani mpango ulitoka juu, ukashuka kama mvua ya mawe, ukampata aliyempata. Safari hii zahanati, shule, soko na ofisi ya mtaa vilitakiwa vikae pamoja na kuchagua jambo moja la kwanza. La kwanza litafanywa mwaka huu. Mengine "yatafikiriwa," na hapana mtu pale asiyejua kufikiriwa maana yake nini.

Uwanjani mbele ya ofisi ya mtaa, Bwana Afya alikuwa amechora maduara matatu mchangani kwa kijiti. Duara la kwanza lilikuwa mtaro ulioziba nyuma ya shule, la pili choo cha soko, la tatu mbwa wanaozurura. Aliwaita watu saa tatu. Ilipofika saa tano na nusu hata punje moja ilikuwa haijatua. Mwenyekiti alifungua kikao kwa dakika arobaini za kusifu ushirikiano, kisha akashirikiana na simu yake kule nyuma ya ofisi. Fundi baiskeli alitaka aelezwe kwanza kama mbwa ni suala la afya au la ulinzi. Mwalimu Mkuu alieleza maisha ya mbu tangu yai mpaka uzee. Bwana Afya alishika kiuno, akashika kichwa, mwisho akakosa cha kushika.

Ndipo aliposimama muuza vitunguu wa sokoni. Huyu alikuwa shangazi yake Bwana Afya, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Nyumbani alimwita "we baba." Kikaoni alimpa cheo chake chote, na cheo hicho mdomoni mwake kilikuwa kama kofia kubwa juu ya kichwa kidogo.

"Mheshimiwa Bwana Afya, naomba kuuliza."

"Uliza, Shanga... uliza, mjumbe."

"Sisi wa soko tunafika alfajiri, tunaondoka jua likizama. Hapo katikati tunakunywa maji vikombe vingapi?"

"Inatakiwa vinane."

"Sijauliza inatakiwa. Nimeuliza tunakunywa."

Wanawake wa soko, kumi na sita kwa hesabu, waliangua kicheko.

"Hata kimoja," alisema Shangazi. "Ukinywa, utakwenda wapi? Nyuma ya lori? Na lori lenyewe likiondoka? Mwaka huu nimelazwa mara mbili kwa maradhi ya mkojo. Sista huyu hapa, aseme kama naongopa."

Muuguzi wa zahanati alitikisa kichwa kukubali. "Haongopi. Na si yeye peke yake. Nawapa dawa, nawaambia wanywe maji mengi, wananiitikia 'haya, Sista.' Baada ya mwezi wamerudi. Mimi nikadhani ni ukaidi."

"Mkaidi ni kibofu," alisema Shangazi, akaketi.

Kijasho kilimtoka Bwana Afya. Si kwamba hakuelewa, alielewa vizuri mno. Tatizo ni kwamba jana yake mkuu wake wa kazi alimpigia simu kuuliza mtaa utachagua nini, naye, kwa kutaka aonekane mtu anayewajua watu wake kama kiganja chake, alijibu, "Mtaro, mkubwa. Andika kabisa." Mkubwa akaandika. Na mkubwa yule akishaandika, kufuta ni mpaka kiama.

"Wapendwa," alijaribu, "tusimsahau mbu."

"Mbu hasahauliki," alijibiwa na sauti ya nyuma. "Anakuja kujikumbusha mwenyewe kila jioni."

Basi akagawa punje. Kila mtu mbili, aweke anapotaka. Watu walipita mmoja mmoja, wameinama. Bwana Afya hakuhitaji kuhesabu. Duara la choo lilijaa mpaka punje zikaanza kupandiana.

Kabla hajatia mkono kuhesabu, mama mmoja alinyoosha kidole. "Tunaomba tutoke kidogo."

"Kwenda wapi tena?"

Kujisaidia, bila shaka. Choo cha ofisi kilibomoka tangu mvua za mwaka juzi, na mlango wake ulipigwa misumari. Cha karibu kilikuwa cha zahanati, ng'ambo ya barabara kuu, na ufunguo alikuwa nao Sista.

"Robo saa!" alifoka Bwana Afya. "Robo saa tu, jamani, nawasihi!"

Wanawake wakaongozana na Sista. Wanaume, ambao hakuna aliyewaruhusu, wakakimbilia kibanda cha chai. Akabaki Bwana Afya, mlinzi wa kura, peke yake, na hapo simu ikaita. Mkubwa. Mtandao ulikuwa haushiki vizuri ila nyuma ya ofisi, kwa hiyo akazunguka kule.

"Ndiyo, mkubwa. Mtaro, mkubwa. Unakwenda vizuri sana."

Aliporudi, alikuta wapigakura wapya. Jogoo wa mlinzi wa ofisi na mitetea yake minne walikuwa katikati ya duara la choo, wanadonoa kwa bidii ambayo hakuiona kwa mjumbe yeyote asubuhi nzima. Mtaro hawakuugusa. Kuku hana ubaguzi wala fitina, anafuata penye chakula kingi.

"Shiii! Laana! Shiii!"

Akarusha kiatu. Kuku wakatawanyika na matakwa ya wananchi yakiwa firigisini.

Alipiga magoti kuhesabu, na kwa kuwa alidhani yuko peke yake, alihesabu kwa sauti. Mtaro ishirini na mbili. Mbwa tatu. Choo nne. Jumla ishirini na tisa.

"Watu thelathini, punje mbilimbili, sitini. Sitini toa ishirini na tisa, thelathini na moja." Choo kilikuwa na kura thelathini na tano. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na jibu lake hakulipenda.

Punje zilibaki tele kikoponi. Angeweza kuzirudisha zote. Angeweza kuwaita watu wapige upya. Upya! Mbu tangu yai, mbwa ni afya au ulinzi, hotuba ya ushirikiano! Na mwisho wake ampigie mkubwa aseme, samahani, futa.

"Mungu mwenyewe kaleta kuku," alijisemea. "Mimi nani?"

Ila nne zingemuumbua. Wanawake kumi na sita watoe kura nne? Hata mjinga angenusa. Ishirini, hilo lingekuwa jambo la kuaminika. Ishirini ni kushindwa kwa heshima. Na kumi na tano zitakazopungua, si kila uchaguzi una kura zilizoharibika?

Akaanza kudondosha. "Tano. Sita. Saba." Vidole vilisita mwanzoni, kisha vikazoea, maana vidole huzoea upesi kuliko roho. "Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini."

Akafunika kikopo.

"Ishirini na moja," ilisema sauti.

Shangazi alikuwa ameegemea nguzo ya geti, mguu mmoja kaupitisha mbele ya mwenzake, amejibana kama mtu aliyebeba yai bila mikono.

"Shangazi! Mbona umerudi mapema?"

"Foleni imefika barabarani. Nikaona bora nije nijibane hapa kivulini."

"Kuku, Shangazi. Kuku wa mlinzi. Wamekula, ndiyo nazirudisha."

"Nimewaona. Nipo hapa tangu uliporusha kiatu. Nikasema, alhamdulillahi, mtoto niliyemlea ana imani, anaturudishia za kwetu. Sitini toa ishirini na tisa, umetamka mwenyewe, we baba, na mimi nimekusikia."

"Nilikuwa... nimepumzika tu kidogo."

"Umepumzika umefunika na kifuniko."

Kutoka barabarani zilianza kusikika sauti za wanawake wakirudi, wanacheka, na viatu vyao vikiburura changarawe. Bwana Afya aligeuka huku, akageuka kule, kiatu kimoja mguuni na kingine chini ya tumbo la mtetea. Shangazi hakusogea.

"Bado kumi na tano," alisema. "Na ufanye haraka, mwanangu. Hali niliyo nayo hainiruhusu kukusubiri."