Mlima Wenye Mguu Mfupi

Ravdna alikuwa jikoni anakoroga damu ya kulungu kwenye sufuria isije ikaganda, maana siku hiyo alitaka kupika matonge ya damu. Mumewe Jovnna alikuwa mezani anakata jibini vipande vidogo vya kutia kwenye kahawa. Alikata kwa kupapasa, kwani macho yake yalikwisha zamani. Redio ilikuwa inasoma habari za upepo. Hapo ndipo kwaya ya Skarvnes, mji wa pwani ulio ng'ambo ya nyanda zetu, ilipoanza kumwimba Ravdna, naye akajikuta amesimama kwenye ukumbi wa kanisa wa mji huo, katikati ya sauti ya pili na sauti ya tatu, mwiko mkononi.

Mwiko ulikuwa unadondosha damu.

"Mama, sogea huku kwenye mkeka," alisema Gunnvor, mwanamke mnene wa sauti ya pili. "Sakafu hii imepigwa nta jana tu." Akampa leso, akaendelea kuimba.

Walipomaliza, mwalimu wa kwaya alishusha mikono. Jina lake Halvard, kijana mrefu aliyetoka kusini, mwenye moyo mzuri na masikio makubwa, aliyeipenda kaskazini kuliko sisi tuliozaliwa humu. Akamtazama mgeni wake kuanzia viatu vya manyoya hadi mwiko.

"Karibu sana," alisema. "Unaimba sauti ya ngapi?"

"Mimi nilikuwa napika," alisema Ravdna.

Huku kwetu kila mtu ana yoiki yake, yaani wimbo wake. Anatungiwa na mtu anayempenda, au aliyechoshwa naye, na ikishatungwa ni yake kama pua yake. Hata aliyeitunga hana tena la kusema. Yoiki haimwelezi mtu, yoiki ndiyo huyo mtu. Kwa hiyo hatusemi tumeimba kuhusu fulani. Tunasema tumemwimba fulani, na akiimbwa, yupo. Ila kwa kawaida mwimbaji huwa mmoja, na anayeimbwa huja kidogo tu, kama harufu ya mtu aliyetoka sasa hivi. Kwaya nzima ya sauti nne lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu.

Yoiki ya Ravdna aliitunga baba yake, Ravdna akiwa mtoto anayejifunza kutembea. Alizaliwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na baba aliuimba na mguu humo humo: hatua ndefu, hatua fupi, kituo kidogo, kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe. Kiangazi kimoja alipita mgeni na mashine ya kunasia sauti. Mzee akamwimba binti yake, mgeni akashukuru, kanda ikaenda kusini na ikakaa huko kwenye kabati hadi Halvard alipoifungulia.

"Nilipousikia wimbo huu nililia," Halvard alimwambia Ravdna siku ile, huku wanakwaya wakimiminiana kahawa. "Niliuona mlima. Mlima mkubwa peke yake kwenye theluji. Ndiyo maana nimeuita *Mlima Usiokanyagwa*."

"Huyo si mlima. Huyo ni mimi."

"Ndiyo, mama, kwa namna fulani sote ni mlima."

"Hebu niambie, mlima gani una mguu mfupi?"

Halvard akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, alifikiri kweli. "Aa, ule mkwamo!" alisema. "Mimi nilidhani yule mzee alikuwa anaishiwa pumzi. Nimeunyoosha. Sasa ni mapigo manne safi, kila mtu anaweza kuimba."

Ravdna akatazama chini. Miguu yake ilikuwa imekanyaga sakafu sawasawa, yote miwili, kama miguu ya meza mpya. Alipiga hatua kwenda dirishani na nyingine kurudi. Hakuchechemea. Akashikwa na kizunguzungu, ikabidi Gunnvor amletee kiti.

Wimbo ulijua kumleta tu, kumrudisha haukujua. Alirudi kwa basi, amevaa koti la kuazima, mwiko umefungwa kwenye gazeti. Dereva alimuuliza kama alitoka sokoni, akasema ndiyo, maana jibu la kweli lilikuwa refu.

Alipofungua mlango wa nyumba yake, Jovnna alikuwa bado mezani.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi. Mimi nani?"

"Ravdna, mume wangu. Nimechelewa, walikuwa wananiimba pwani."

"Hebu tembea nisikie." Akatembea kutoka mlangoni hadi jikoni. Jovnna aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. "Sauti ni ya mke wangu," alisema, "ila miguu ni ya mtu wa posta. Kaa, mke wangu hayuko mbali. Alitoka hapa sasa hivi, damu ikiwa bado ya moto."

Ravdna alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hafanyi mzaha. Miaka yote ya giza lake Jovnna alikuwa amemjua mkewe kwa zile hatua. Alikuwa anamsikia akitoka zizini, anajua amebeba maji au kuni, amekasirika au ana njaa. Ravdna aliona uchungu wa ajabu. Akatoka nje, akaingia tena, safari hii akichechemea kwa makusudi, hatua ndefu, hatua fupi.

Uso wa Jovnna ukakunjamana. "Bibi," alisema, "kukaa umekaa, moto umeota. Lakini kumwigiza mke wangu kilema chake, ndani ya nyumba yake! Wazazi wako walikufunza hivyo?"

Usiku ule alilala kwenye benchi la wageni, na Jovnna alimfunika blanketi kwa heshima.

Kesho yake mpwa wake Sunná alikuja kuleta nyama kavu, akamwona anavuka uwanja. "Shangazi, hongera! Umepona!"

"Nilikuwa siumwi."

"Basi hongera hivyo hivyo."

Majirani wote walimpongeza. Wengine walimuuliza alitumia dawa gani, na yeye alijibu kwaya, wakatikisa kichwa kwamba ndiyo, muziki unasaidia sana. Alianza kujishuku. Labda kweli alikuwa amepona. Labda mtu aliyepona hapaswi kulia akitembea. Alijaribu kujiuliza yeye ni yule aliyekuwa akichechemea au huyu asiyechechemea, na kila alipokaribia jibu, kwaya ilianza mazoezi, na tafakuri ikabidi iendelee pwani.

Kwaya ilikuwa na bidii. Ilimchukua akiwa anatia alama masikio ya ndama, ikamchukua akiwa kwenye foleni ya duka, ikamchukua bafuni, na tangu hapo Gunnvor akawa anaweka joho moja la ziada kwenye msumari karibu na mlango. Kiti chake kilikuwa pale pale, kati ya sauti ya pili na ya tatu. Kila mara Halvard alikuwa ameongeza kitu: sauti ya nne ikavuma chini kama upepo wa bonde, sauti ya kwanza ikaenda juu, na mwishoni akaweka kituo kirefu kama anamzika mtu. Yoiki haina mwisho, inaachwa tu, kama mtu anavyotoka kidogo kuangalia mbwa. Siku kile kituo kilipoimbwa mara ya kwanza, mikono ya Ravdna ilipoa hadi kwenye viwiko, na haikupata joto tena sawasawa.

Akamwendea Halvard, akamwomba. Alimwomba vizuri, kama mtu anavyoomba kurudishiwa mtoto aliyezoea kwa jirani.

"Mwalimu, nirudishie mguu wangu. Mume wangu hanijui."

Halvard alichanganyikiwa, machozi yakamlengalenga. Akajaribu kweli. Akawaimbisha mkwamo ule kwa asubuhi nzima, lakini sauti ya tatu walikanyagana, sauti ya nne wakawahi, na Gunnvor akauma ulimi. Tena tamasha lilikuwa Jumamosi.

"Haiwezekani, mama," alisema, jasho likimtoka. "Halafu fikiria, huu ni wimbo wa jadi. Hauna mwenyewe. Mwenyewe ni sisi sote."

"Sisi sote akina nani?"

Halvard alitazama kwaya, kisha dirisha, kisha kwaya. "Kaskazini," alisema.

"Kaskazini anaishi wapi nikamwombe?"

Hakuna aliyejua. Waliulizana kwa muda, kwa nia njema kabisa, na mmoja wa sauti ya nne alidhani labda ofisi yake iko mji mkuu. Mwishowe Gunnvor alimshika Ravdna bega, akasema, "Mama wee, hata mimi ingekuwa mimi ningechanganyikiwa," akampa kipande cha keki.

Ravdna akapanda basi. Alishuka kwenye njia panda, akatembea kwenye theluji kwa miguu yake mizuri iliyo sawa. Alipofika karibu na nyumba alimsikia Jovnna akiimba ndani. Alikuwa anamwimba mkewe, kama baba mkwe wake alivyomtunga, na mguu humo humo. Jovnna alikuwa amechoka kungoja, na mtu aliyechoka kungoja huku kwetu huimba. Chini ya sauti yake zikasikika hatua zinatoka jikoni kwenda mezani. Hatua ndefu, hatua fupi, kituo kidogo.

Alisimama. Kisha akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Nani?" aliuliza Jovnna.

"Ravdna."

"Ravdna yupo, anamimina kahawa. Lakini pita, pita, usisimame kwenye baridi."

Alipita. Mwanamke aliyekuwa mezani aligeuka, birika mkononi, uzito wote kwenye mguu mrefu. Walitazamana kama watu wanaokutana mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake apite. Yule wa birika alikuwa na mikono yenye joto, ilionekana kwa jinsi ilivyokuwa myekundu. Alimimina kikombe cha tatu, akatia vipande vya jibini vitatu, kama Ravdna anavyopenda, bila kuuliza.

"Sikujua kama unarudi," alisema.

"Na mimi sikujua kama upo," alisema Ravdna.

"Mgeni ana sauti nzuri," Jovnna alisema, amefurahi, sikio likifuata hatua za mkewe. "Umesikia, mke wangu? Inakaribia ya kwako."

Ravdna alitaka kusema neno. Alilijua lilivyo, alilihisi mdomoni. Lakini hakujua alimwambie nani kati ya hao wawili, na alipokuwa bado anachagua, kule Skarvnes Halvard aliinua mikono.

Kanisa lilikuwa limejaa. Gunnvor alimvika joho haraka, akamwachia kikombe cha kahawa alichokuja nacho. Waliimba vizuri kuliko siku zote. Watu walilia, hata mchungaji. Baada ya kile kituo kirefu Halvard alimnyooshea Ravdna mkono, naye akasimama akainama, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama. Kwenye karatasi ya tamasha waliandika: *Mlima Usiokanyagwa. Wimbo wa jadi, mwenyewe hajulikani.* Mwezi uliofuata walialikwa mji mwingine, na kwenye basi la kwaya kiti cha dirishani kilikuwa cha Ravdna. Hakukuwa na haja ya kumwita tena kwa wimbo, kwani alikuwa hajaondoka.

Siku ile ya tamasha, mlangoni, watu wakitoka, mama mmoja aliyevaa shanga alimshika ile mikono ya baridi. "Wimbo ule!" alisema. "Nimeuona kabisa huo mlima. Na wewe, mama, unatoka huko huko?"

Ravdna alitazama kikombe kilichokuwa bado mkononi.

"Nilikuwa nakaa karibu," alisema.