Kisigino cha Mama Pindo

Mara ya kwanza Mama Pindo alipoingia na baiskeli kwenye ua wa jirani, jirani alicheka. Mara ya pili jirani alitoka na kiti, akakaa kumsubiri. Mara ya tatu hakucheka tena, maana yale yalikuwa maua aliyoyapanda kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Pindo," alisema, "kama unayataka maua, si useme tu nikuchumie?"

"Nisamehe, jirani yangu. Mimi nilitaka kusimama."

"Na huko ndiko kusimama?"

Mama Pindo alijitoa kwenye majani, akajipangusa kiwiko, akainua baiskeli ya binti yake. Binti mwenyewe alikuwa amechoka kukimbia pembeni na sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele neno moja: "Mkono, mama! Breki iko mkononi!" Mama alilisikia neno hilo vizuri kabisa, ila mguu wake ndio haukulisikia.

Jina la Mama Pindo lilitokana na kazi yake. Alikuwa fundi cherehani, na ingawa alijua kukata suti na kutia kola, mtaa mzima ulimletea suruali za kupunguza na magauni ya kukunja pindo. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, imekaa dirishani miaka yote, na watoto wake walikua wakilala na kuamka kwa mlio wake. Mtoto wa kwanza, binti aliyeitwa Kifungua kwa kuwa ndiye aliyefungua mimba ya mama, alisema mlio ule ukikatika ndipo anaposhtuka usingizini. Wa mwisho aliitwa Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ukiwa nyumbani kwao dakika moja tu ungejua, maana mdomo wake haukuwa na likizo.

Kila shule zilipofungwa, baba na watoto walipanda baiskeli wakaenda kwenye maporomoko ya maji nyuma ya kilima. Walirudi jioni wamelowa, wana njaa, na kila mmoja na uongo wake. Chiriku alisema maji yanaanguka kutoka urefu wa mnara. Baba alisema ni minara miwili. Mama aliwapakulia chakula, akasikiliza, akacheka panapochekesha. Wakimwambia, "Mama, twende na wewe siku moja," jibu lake lilikuwa lile lile.

"Nendeni tu. Mimi nina pindo la watu."

Ukweli ni kwamba hakujua kuendesha baiskeli, na keria ya baba ilibeba sufuria la chakula. Yeye na sufuria hawakuenea pale.

Sasa likizo hii haikuwa kama nyingine. Kifungua alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, mbali, na Jumatatu alikuwa anaondoka. Mama Pindo alimshonea nguo za kwenda nazo, na kila alipopiga pasi nguo moja aliwaza jambo hilo hilo. Mtoto akishaondoka hurudi na begi, lakini utoto wake harudi nao. Kama hakwenda nao maporomokoni safari hii, asingekwenda tena na watoto wake wote wawili, wakiwa bado watoto wake. Ndipo usiku mmoja mezani akasema, bila kumtazama mtu:

"Jumapili na mimi naenda."

Mume wake alikuwa fundi bomba, mtu mwema, ila utani ukipita karibu yake lazima aukamate mkia.

"Utaenda na nini, mama watoto? Na cherehani?"

Chiriku alicheka mpaka maji ya kunywa yakamtoka puani.

"Nitaendesha baiskeli," alisema mama. "Kifungua atanifundisha."

Ndiyo hayo masomo yaliyomfikisha kwa jirani mara tatu, na leo ilikuwa Jumamosi.

Waliporudi nyumbani, mume alimkalisha mke wake kibarazani akamsafisha kile kiwiko kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kikombe cha harusi. Bibi, mama yake huyo mume, alikuwa amekaa pembeni amefumba macho. Watu walizoea kudhani amelala.

"Mama watoto," alisema mume, "usijiumize bure. Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi. Wewe baki. Tutakuletea."

"Mtaniletea nini? Maporomoko kwenye chupa?"

Mume aliinamia tena kiwiko. Hata yeye aliona kuwa hapo utani haukai.

"Baba, mama hana shida ya kukanyaga," Kifungua alisema. "Anakanyaga kunishinda mimi. Kona anakata. Shida ni kusimama. Akitaka kusimama anarudisha kisigino nyuma, na baiskeli yangu ukirudisha mguu inapiga tu krrrr na kuendelea na safari."

"Kwa nini unarudisha kisigino?" aliuliza Chiriku.

"Kwa sababu cherehani ndivyo inavyosimama!" Mama Pindo sasa alikuwa karibu kulia, na akakasirika kwa kuwa karibu kulia. "Kidole kinasema twende, kisigino kinasema basi. Ndivyo mguu huu ulivyolelewa. Sasa nifanyeje? Niukate?"

Bibi akafumbua jicho moja.

"Mwanangu, umesema mzoea punda hapandi farasi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mpeni punda wake."

Wote wakamgeukia.

"Baiskeli ya marehemu baba yako," alisema Bibi. "Iko nyuma ya banda la kuku. Au mmeshaisahau?"

Fundi bomba alishika kichwa. Baiskeli ile aliijua. Alipokuwa kijana aliipanda mara moja, akiwa amevaa shati jipya na wasichana wanatazama. Katikati ya mwendo alirudisha mguu nyuma kidogo, kutafuta pa kuukalisha vizuri tu, na baiskeli ikasimama wima kama punda aliyeona nyoka. Yeye hakusimama. Tangu siku hiyo aliiita Kichaa, na mbali na mzee mwenyewe hakuna mtu mwingine aliyeigusa.

"Ile haina breki, Bibi!" alisema Chiriku. "Kwenye usukani hakuna kitu!"

"Breki yake iko ndani ya gurudumu. Ukirudisha mguu nyuma, inakamata. Babu yenu aliendesha baiskeli ile mpaka mvi zikamwota. Ninyi mmeshindwa kwa sababu miguu yenu haina adabu, inachezacheza ovyo. Mguu wa mkamwana wangu huo hapo, una adabu."

Akalifumba tena lile jicho, kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Waliiburuta kutoka nyuma ya banda jua likiwa bado halijazama. Ilikuwa nyeusi, nzito, na kapu lake la mbele lilikuwa na kuku aliyewatazama kama wenye nyumba wanaotaka kumfukuza. Fundi bomba alinung'unika, lakini alileta spana na grisi. Aliitazama cheni pingili kwa pingili, akavua mipira iliyopasuka na kutia mingine, akakaza kila kilichotaka kukazwa, kisha akalala chali kukagua upya. Utani aliufanya na watu. Kazi hakuitania.

"Haya," alisema akiinuka. "Ikikutupa usiseme hukuambiwa."

Mama Pindo alipanda. Mguu ulitafuta pedeli, ukaikuta. Alikanyaga, na Kichaa akaondoka, mzito, bila haraka, akiitii njia. Mbele yake ulikuwa ule ua wa jirani. Jirani alipoona kinachokuja aliruka kutoka kitini, akasimama mbele ya maua yake na mikono miwili ameitandaza kama golikipa.

"Mama Pindo! Mama Pindo, nakuomba!"

Hakuna aliyepiga kelele ya mkono safari hii. Kisigino kilirudi nyuma chenyewe, bila kutumwa, kama kilivyorudi maelfu ya mara pale dirishani pindo linapofika mwisho. Gurudumu likakamata. Baiskeli ikasimama, na ua moja jekundu likatikisika mbele yake bila kuguswa.

Jirani alishusha mikono polepole.

"Leo huyachukui?"

"Leo nimekuja kuyaangalia tu," alisema Mama Pindo.

Jumapili asubuhi walitoka wote wanne. Bibi alibaki na nyumba, akasema yeye maporomoko aliyaona enzi yalipokuwa makubwa. Sufuria lilikaa keria ya baba, kama kawaida. Chiriku alitangulia akitangaza kila kitu alichokiona, jiwe, mbuzi, mbuzi mwingine, kana kwamba waliomfuata ni vipofu. Kifungua aliendesha nyuma ya mama yake, na mama alijua kwa nini yuko nyuma, ila alijifanya hajui. Miaka mingi mama huyu ndiye aliyekwenda nyuma ya mtoto huyu anayejifunza kutembea. Zamu zimebadilika, aliwaza, na upepo ukampuliza kitambaa cha kichwani, naye akaona utamu wa ajabu uliomfanya acheke peke yake.

Walipofika juu ya kilima, manyunyu yakaanza. Hayakuwa mvua ya kumrudisha mtu nyumbani, ila yalitosha kulowesha njia. Na mbele yao ndio ulikuwa mteremko ambao watu wa pale waliuita Toba, kwa sababu hata asiyesali alisali akifika katikati yake.

Baba alianza kushuka, akabana breki. Zikalia kilio cha paka, na baiskeli ikazidi mwendo. Akaburuta miguu yote miwili chini, sufuria likagongana na mfuniko wake, na kwa shida akasimama pembeni kwenye nyasi.

"Shukeni!" aliwapigia kelele. "Shukeni wote! Magurudumu yamelowa, breki hazikamati! Tukokote mpaka chini."

Chiriku akashuka. Kifungua akashuka. Mama Pindo alikuwa bado juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini, akiutazama mteremko. Moyo ulimpiga, hilo tusidanganyane. Hakuna ambaye angemcheka akikokota, kwani hata mume wake, bingwa wa miaka yote, alikuwa anakokota. Lakini breki yake yeye haikuwa nje kwenye maji. Ilikuwa ndani ya gurudumu, kwenye grisi mpya, na ufunguo wake ulikuwa kisiginoni.

Akauinua mguu kutoka chini.

Kola ya shati, fundi yeyote atakwambia, huikimbizi. Ukiikimbiza inakukunjia uso. Unakanyaga kidogo, unazuia kidogo, unaacha kitambaa kipite, unazuia tena. Ndivyo alivyoushona mteremko wa Toba. Acha, zuia. Acha, zuia. Kichaa alinguruma chini yake lakini hakuteleza. Alimpita Kifungua, aliyekuwa akikokota kwa mikono miwili. Alimpita Chiriku, ambaye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema. Alimkuta mume wake, ameshika usukani kwa mkono mmoja na sufuria kwa mwingine.

"Mama watoto! Shuka! Shuka nakwambia!"

"Siwezi!" alimjibu akipita. "Nina pindo la watu!"

Na nyuma yake akasikia Kifungua akipiga kigelegele, kirefu, kilichoshuka naye mteremko wote.

Kule chini njia ilikata kushoto, na maji akayasikia kabla hajayaona. Akarudisha kisigino. Baiskeli ikasimama. Akaiegemeza kwenye jiwe, akasogea, na hayo hapo.

Hayakuwa mnara. Wala minara miwili. Kusema kweli hayakuzidi sana paa la nyumba yao. Mama Pindo alisimama akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe miaka yote hii wao walikula chakula chake, na yeye akalishwa uongo! Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia, labda kwa kuwa walizoea. Maji yale yalipoanguka yalitoa upepo wake yenyewe, baridi na mwepesi, ukiwa na vitone vidogo vilivyokuja kukutulia usoni hata kama umesimama mbali. Alifumba macho akauacha umlowanishe.

Kifungua ndiye aliyefika wa pili, anahema, baiskeli ameitupa njiani.

"Mama, umetangulia!"

"Nimekungojea," alisema mama yake, akamsogezea nafasi juu ya jiwe.

Walikaa hapo bega kwa bega, wawili hao, na Jumatatu haikutajwa. Baadaye Chiriku alikuja akiwa amepata tena sauti yake, akimsimulia mama kila kitu ambacho mama mwenyewe ndiye aliyekifanya. Mwisho akaja baba na sufuria.

"Haya, umeyaona," alisema. "Si nilikwambia? Minara miwili."

"Baba watoto, ungenishonea suti kwa vipimo hivyo, ingemtosha tembo."

Fundi bomba alicheka, akashindwa, akakubali. Kisha jicho lake likaiangukia baiskeli nyeusi iliyoegemea jiwe, na kila mtu akaona kinachokuja.

"Kama mkamwana ameiweza," alisema akikunja suruali, "mwenye damu ya marehemu ataishindwaje?"

"Baba, acha," alisema Kifungua.

Hakuacha. Alipanda, akazunguka uwanda ule mdogo kwa madaha, kifua mbele, akapungia mkono kama rais. Mwisho wa uwanda ulikuwa ukingo wa bwawa, pale maji yanapotulia, yakifika magotini. Alipoukaribia alitaka kusimama, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya. Ilifinya usukani. Ilifinya kama mtu anayekamua ndimu, na usukani haukuwa na kitu cha kufinywa.

"Breki iko wapi? Iko wapi breki yenyewe?"

Kuku na mbuzi wa kilima kizima walisikia jibu, maana Mama Pindo alisimama juu ya jiwe lake, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti iliyoyashinda maporomoko:

"Kisigino, baba watoto! Kisigino!"