Sauti Iliyofika Wodini

Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nikipiga deki wodi ya waliotengwa, na dada yangu alikuwa amelazwa humo humo, kitanda cha dirishani. Watu waliniambia nina bahati. Bahati gani? Kumwona dada yako akitafuta pumzi huku wewe umeshika dekio, umevaa gauni la plastiki na miwani inayoingia ukungu, na nesi mkuu amekukataza kukaa kitandani kwake kwa sababu wewe ni mfanya usafi, si mgeni! Na wageni hawakuwepo. Amri ilikuwa imetoka: ndugu wasiingie hospitali, watu wasikusanyike, maziko yafanywe na watu wa afya peke yao. Aliyeitoa ni Mkuu wa wilaya mwenyewe. Aliyetutangazia ni shemeji yangu, mume wa dada.

Shemeji ni fundi wa vipaza sauti. Kabla ya ugonjwa alikuwa mtu wa harusi na mikutano, na hakukodiwa kwa ajili ya spika tu, alikodiwa kwa ajili ya mdomo wake. Akishika maiki hata mwenye jino bovu atacheka. Mtaani walimwita Moja-Mbili, kwa jinsi anavyojaribu mitambo. Sherehe zilipopigwa marufuku, ofisi ya Mkuu ikamchukua atangaze masharti. Akafunga spika juu ya paa la soko, nyingine kituo cha mabasi, na nyingine kwenye nguzo iliyo mbele ya hospitali, ikitazama madirisha yetu. Yeye hukaa kwenye gari lake na sanduku la mitambo mapajani, anawasha, anabonyeza swichi ya kurusha sauti hewani, na mji mzima unamsikia: "Kaeni majumbani. Msisogeleane. Vaeni barakoa."

Kila alasiri, akimaliza ya serikali, aliongeza la kwake. "Na wewe mgonjwa wangu, kunywa maji." Ofisini walimgombeza, akajitetea kwamba ni ushauri wa afya. Wodi nzima ilidhani inaambiwa yenyewe; wagonjwa walinyoosha mikono kutafuta vikombe, nikawa nacheka ndani ya barakoa. Lakini dada alijua ni lake. Simu hakuiweza tena, maneno mawili tu yalimmaliza, kwa hiyo sauti ya kwenye nguzo ndiyo mume aliyebakiwa naye. Mpaka aisikie ndipo anafungua mdomo nimnyweshe. Akinywa, analala.

Wiki ile akazidiwa. Daktari aliniita kwenye korido, akaniambia niwaandae wa nyumbani. Nikatoka hadi kwenye uzio wa hospitali, shemeji yuko upande wa pili, nikamwambia vile vile nilivyoambiwa, maana sikuwa na nguvu ya kupamba maneno. Akashika nyavu za uzio kwa mikono yote miwili.

"Lazima nimwone," akasema. "Shemeji, lazima nimwone macho yake yakiwa bado wazi."

Akaenda kwa Mkuu. Mtu mzima yule alipiga magoti kwenye zulia la watu. Mkuu akamwambia sheria ni sheria, angemruhusu yeye wengine wangesemaje? Akamwacha alie kidogo, halafu akasema anayo shughuli ndogo nyumbani kwake Jumamosi, binti yake anatimiza miaka, na shughuli bila mtu wa maiki haichangamki. Aje na mitambo, achangamshe watu. Shughuli ikiisha, jioni ile ile, Mkuu angempigia simu mganga mkuu, na shemeji angevalishwa gauni na kuingizwa wodini.

Alinieleza haya kupitia uzio, kwa sauti ya chini. "Usimwambie dada yako," akasema. "Yule bwana anaweza kunigeuka. Nataka anione tu nimesimama mlangoni."

"Nenda," nikamwambia. "Hata akitaka utembee kwa magoti, nenda."

Ile Jumamosi hakukuwa na tangazo la alasiri. Dada alikuwa macho tangu mchana, ametazama dirisha, na kikombe nilichomletea alikisukuma kwa vidole. Nikawa napiga deki sakafu ambayo nilikwisha kuipiga, ili nisimwache. Mara spika ya kwenye nguzo ikakoroma.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Uso wa dada ulifunguka. Nakuapia, sijaona tena uso ukifunguka vile. Akanyoosha kidole kwenye kikombe, akimaanisha nikiweke tayari.

Mimi nikaganda. Nilijua shemeji yuko wapi, na nilijua mara moja kilichotokea. Spika zake za sherehe zilikuwa pale kwa Mkuu, lakini sanduku alilokwenda nalo lilikuwa lile lile la matangazo, na mkono wake kwa miezi ulikuwa umezoea jambo moja: ukiwasha sanduku, kidole kinashuka kwenye swichi ya kurusha. Hakufikiri. Nani anafikiri akifunga kamba za viatu?

Muziki ukaanza. Muziki mkubwa, wa kucheza, ukaingia wodini kwa watu waliokuwa wakihesabiwa pumzi. Nesi aliyekuwa anabadilisha dripu akasimama na sindano mkononi. Halafu sauti ya shemeji, ile ya harusi, tamu, iliyojaa tabasamu.

"Mabibi na mabwana, karibuni nyumbani kwa Mheshimiwa! Lakini mbona mmekaa mbali mbali, mmegombana? Sogeleaneni! Sogeleaneni jamani, leo corona tumeiacha getini na mlinzi!"

Kicheko. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, na glasi zikigongana. Mkuu naye akachukua maiki, nikaijua sauti yake ya redioni. "Atakayekutwa na barakoa hapa kwangu," akasema, "atalipa faini!" Wakacheka mpaka spika ikapiga mluzi.

Chini ya dirisha, kwenye lango la hospitali, walikuwepo wale wanaokuja kila siku na kurudishwa. Mwanamke aliyezikiwa mwanawe huku yeye akiangalia kutoka barabarani. Mzee anayemletea mkewe shuka safi na kuziacha kwa mlinzi. Walisimama wameinua nyuso kuitazama spika. Kisha yule mwanamke akapiga kelele moja, si ya maneno, na akaanza kwenda upande wa nyumba ya Mkuu, karibu anakimbia, na wengine wakamfuata. Kutoka sokoni nikasikia makelele mengine yakiungana nao. Baadaye Mkuu alisema redioni kwamba kilikuwa kikao cha kazi. Kama si shemeji yangu kuwa ndani ya nyumba ile, ningetupa dekio nami nikaenda kutafuta jiwe.

Nilipogeuka, dada alikuwa ananitazama.

"Yuko... shereheni?" akauliza.

"Dada, sikiliza. Yuko kule kwa ajili yako. Mkuu amemwahidi ruhusa. Jioni hii anakuja, anaingia humu, utamwona!"

Nilisema mbio mbio, na kadiri nilivyosema ndivyo yalivyozidi kuwa ya uongo masikioni mwangu mwenyewe. Muziki wa sherehe unapigwa nje, mumewe anachekesha watu, na mimi namwambia ni kwa ajili yake. Dada alivuta pumzi mara kadhaa ili apate maneno.

"Kumbe wapo," akasema, "wanaoruhusiwa."

Akageuza uso ukutani.

Nilivua glavu, kitu ambacho ni kosa kubwa humo ndani, nikatoa simu kwenye mfuko wa nailoni na kumpigia shemeji. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilichokuwa nataka ni kidogo tu. Maiki anayo mkononi, swichi iko wazi, spika inamtazama mkewe. Aseme tu lile neno lake la kila siku, aseme na jina analomwitia wakiwa wawili, aseme nakuja. Mji wote usikie, potelea mbali. Nesi akanipigia kelele nivae glavu, nikamwonyesha mkono asubiri. Pumzi ya dada ilikuwa imebadilika, fupi, na katikati yake pana nafasi.

Mara ya tatu akapokea.

"Halo, shemeji? Amekuwaje?"

Sauti ilitoka kwenye simu sikioni mwangu na kwenye nguzo nje ya dirisha, kwa pamoja. Maiki ilikuwa karibu na mdomo wake. Dada akageuza uso kutoka ukutani, akafungua macho. Na mkono wake, naapa, mkono ukaanza kutambaa juu ya shuka kuelekea kikombe.

"Shemeji, umeacha swichi wazi, mji mzima unakusikia, usi—"

Spika ikakata.

Nilikuwa nataka kusema usizime. Usizime, ongea naye. Lakini yule mtu alikuwa amesimama katikati ya watu wa Mkuu, na ukimwambia mtu yuko uchi hangoji umalizie sentensi. Alizima. Kisha simu nayo ikakatika. Walinzi wa Mkuu walimnyang'anya papo hapo, wakidhani amewachongea makusudi, wakaipasua chini. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Pale wodini nilijua tu kwamba nje kumekuwa kimya, na kwamba kila nikipiga mwanamke wa kwenye mashine ananiambia haipatikani.

Dada alingoja. Alikuwa anatazama dirisha, amekunja uso kidogo, kama mtu aliyekatiwa habari katikati. Nilimpelekea kikombe, nikagusisha kwenye midomo. "Amesema unywe," nikamwambia. "Dada, amesema unywe maji." Akabana midomo. Nilimbembeleza, nikamtishia, nikamwita kwa jina la utotoni. Maji yakamwagika shingoni. Nilikuwa nayapangusa bado, nesi aliponishika bega na kunivuta nyuma.

Sikulia pale. Niliambiwa nitoe ndoo.

Shemeji alifika jua halijazama. Watu walipolizingira geti la Mkuu na kuanza kurusha mawe, walinzi walikuwa na kazi nyingine, naye akapenya uani na kukimbia. Nilimwona kutoka dirishani akija kwa miguu, shati lake la sherehe limechanika, damu kwenye paji la uso. Alianza kumwomba mlinzi wa lango. Kosa lake likawa ni kufungua mdomo.

"Ni yeye!" mtu akasema. "Moja-Mbili! Ndiye yule!"

Waliokuwa wamebaki langoni wakamzunguka. Yule mzee wa shuka akamsukuma kifuani. "Sogea, mwanangu," akawa anamwambia, na kila neno anamsukuma. "Si ulisema tusogeleane? Sogea basi. Mbona unakaa mbali?"

"Mke wangu yumo humu," shemeji akalia. "Jamani, mke wangu yumo!"

"Na wangu?"

Nilishuka ngazi vile vile nilivyo, na gauni, na miwani, na mikono mitupu. Watu walipoliona gauni wakarudi nyuma wote, wakatuachia uwanja. Shemeji akabaki peke yake katikati. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akaketi chini kwenye vumbi.

Nilikaa naye. Sheria inakataza, na nilikaa, bega kwa bega.

Halafu akainua kichwa, akaiangalia spika ya kwenye nguzo, akafuata kwa macho inakoelekea, mpaka kwenye dirisha.

"Alinisikia?"

Ningemdanganya. Nilitaka sana kumdanganya, kwamba alikuwa amelala, kwamba alikwisha kufa mapema, kabla ya muziki. Lakini watu wote wale walikuwa wamesimama wanatusikiliza, na hakuna hata mmoja ambaye hakusikia.

"Alikusikia," nikasema.

"Hata lile la kusogeleana?"

"Hata lile, shemeji."