Mikono ya Blandine

Mama Kabedi hakutaka zawadi. Blandine alipofika kutoka Ubelgiji, akafungua sanduku na kutoa sweta, viatu na dawa za magoti, mama alisema asante, asante mwanangu, na moyoni akasema: wee, maliza basi. Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikingoja miaka na miaka. Alitaka bintiye amwogeshe.

Miguu ilikuwa imemgomea. Shekina, jirani yake hapo mtaani Kasulo, ndiye aliyemwogesha kila asubuhi. Shekina ni mtu mwema, Mungu ambariki, lakini jirani ni jirani. Unamvulia nguo huku unatazama ukuta. Kwao, mama akizeeka, binti ndiye anayeushika mwili wake. Jambo hilo haliombwi.

Na Blandine alikuwa fundi wa kazi hiyo! Huko Ubelgiji aliajiriwa kuogesha wazee wa watu, katika nyumba wanamowekwa. Mama Kabedi aliposikia mara ya kwanza alicheka sana: "Batoto yabo iko wapi? Banaogopa maji?" Alicheka, simu ikakatwa, akalia, maana wa kwake naye alikuwa huko huko.

Basi Blandine akapasha maji, akamkalisha mama bafuni, akamvua kitenge polepole. Mama Kabedi akafumba macho. Kilichomgusa mgongoni kilikuwa cha baridi, kinateleza. Akageuka. Binti amevaa glavu!

"Blandine, mi niko na ugonjwa gani?"

"Hakuna, mama."

"Sasa unavaa ile bitu juu ya nini? Mi ni maiti?"

Blandine akaitazama mikono yake, akashtuka. "Pardon, mama. Sikujua hata kama nimevaa."

Akazivua. Mama Kabedi alikuwa na maneno makali, yamefika ulimini kabisa. Lakini binti hakuendelea kuosha. Alisimama tu na sabuni, mwanamke mzima mwenye mvi.

"Mama, kule sigusi mutu bila glavu. Na hakuna mutu ananigusa."

Loo! Muda wote huo Mama Kabedi alijihurumia yeye. Alidhani upweke umehamia Kasulo tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye hakuujua. Hilo lilimuuma kuliko magoti.

"Kuja hapa."

Akaivuta ile mikono, imekauka, imepasuka, akaitia ndani ya beseni. Akaanza kuiosha kidole kwa kidole. Alhamisi ndege ingemrudisha Blandine, na wote wawili walijua. Maji yakapoa, mama hakuiachia.